Simu Iliyochaji Masasi na Kugoma Mnyambe

Nimewahi kukuta ugali ndani ya simu. Sitanii, wanangu. Ugali mweupe, mgumu, umejishindilia kwenye tundu la chaji kama mtu aliyeupima. Nilikuwa fundi simu Masasi, kwenye banda la bati karibu na stendi, na kabla ya simu nilikuwa fundi redio, kwa hiyo vitu nilivyotoa ndani ya vifaa vya watu ni vingi: mende, shanga, punje za ulezi, hata jino la mtoto. Ugali ni mara moja tu. Mwenye nao alikuwa Mama Neema wa Mnyambe, kule Newala, na kwa kuwa nyie mnaoanza kazi hii hamchoki kuniuliza ni kifaa gani kilichonitoa jasho kuliko vyote, leo nawapa habari ya simu yake. Ilinitoa jasho, kisha ikanikalisha sakafuni kwa kicheko.

Huko juu Newala maji ni mali. Simu ilipomponyoka Mama Neema ikatumbukia kwenye ndoo, jambo la kwanza alilofanya, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kuigombeza simu kwa kuchafua maji. Ndipo akaitoa. Jirani akamshauri aizike kwenye mchele ili unyevu unyonywe. Mchele ulikuwa umekwisha ndani, basi akaizika kwenye unga wa muhogo, kwa imani kwamba chakula ni chakula. Simu bado ilikuwa na joto lake, unga ukakutana na maji, na nyie wenyewe mnajua hapo kinapikwa nini.

Nilichokonoa kwa mswaki laini na spiriti tangu asubuhi hadi adhuhuri. Ugali ulitoka, lakini tundu lilikuwa limeoza mpaka kwenye njia zake za ndani. Kipuri hakikuwepo Masasi. Nilipouliza Mtwara, wakaniambia simu ya aina hiyo hawajawahi hata kuiona. Nikaigeuza, nikaipangusa mgongo, nikasoma maandishi madogo, na moyo ukaruka kidogo.

"Mama Neema," nikamwambia, "simu hii inaweza kuchaji bila waya. Haikuja na kitu cha mviringo hivi, bapa, kama kisahani?"

"Kile?" akasema. "Kile nawekea kikombe cha chai, Fundi. Festo alikituma bila maelezo, nikajua ni cha kikombe."

Festo ndiye aliyeinunua simu. Ni kaka yake Mama Neema, tumbo moja, mpishi kwenye meli ya mizigo, leo yuko huku kesho kule. Aliituma simu akaunti zake zote zikiwa zimeshafunguliwa kwa laini ya nje, na akaagiza mtu yeyote asiiguse mipangilio yake. Alikuwa anabadili laini kila bandari, kwa hiyo hakuna aliyejua namba yake ya leo. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga, kwa picha, kwenye simu hiyo hiyo moja. Shikeni hapo, maana ndipo mambo yote yalipokuja kukwama.

Mama Neema akaniletea kisahani kikiwa na duara la chai juu yake. Nikakifuta, nikakichomeka, nikaweka simu. Tii! Ikaanza kuchaji. Tulipiga makofi, mimi na yeye na dada wa mgahawa wa jirani aliyekuja kudai vyombo vyake. Mama Neema akairudisha Mnyambe kwa furaha.

Baada ya siku nne akarudi. Nyumbani haichaji kabisa.

Sasa ngoja niwape darasa kidogo, nisije nikasahau. Simu ya kisahani ikigoma, usikimbilie bisibisi. Kwanza uliza kama simu yenyewe ina uwezo huo, maana si zote. Kuna mzee wa Nanganga alinunua kisahani mnadani, akaweka juu yake kitochi chake cha vitufe, akakaa nacho barazani kutwa nzima, kila mpita njia akimuuliza anasubiri nini. Pili, angalia kichwa cha chaji. Kichwa dhaifu kinawasha kijitaa cha kisahani lakini simu hakiilishi, na hapo wengi hudanganyika. Tatu, ikalishe simu katikati, kwa sababu koili ya waya iliyo ndani ya kisahani na ile ya mgongoni mwa simu zinataka kutazamana. Ikisogea pembeni kidogo tu, basi. Nne, joto: nyumba ya bati saa saba mchana simu inajilinda yenyewe, inakataa chaji, ipeleke kwenye ubaridi. Na tano, kitu chochote kilicho kati ya simu na kisahani. Hilo la tano nililijua vizuri kama jina langu, na ndilo lililonipiga chenga.

Nilijaribu yote. Pale bandani simu ikawekwa, ikachaji. Nikaigeuza, ikachaji. Nikabadili waya, ikachaji. Nikabadili kichwa nikampa kipya, ikachaji. Akaenda nayo Mnyambe, ikagoma. Akarudi Masasi, ikachaji kwa furaha kama inanicheka. Mara ya tatu Mama Neema akaniambia, kwa upole wa kanisani ambao ni mbaya kuliko matusi, "Baba Asha, huenda inakupenda wewe."

Mimi nami, kwa kuona haya, nikatoa jibu ambalo fundi asiyejua hulitoa. Nikasema, "Tatizo ni umeme wenu wa Mnyambe." Nikaona haitoshi, nikanogesha: "Hakuna mtu anayechomelea vyuma jirani?"

Alikuwepo. Anaitwa Mzee Rashidi, anatengeneza madirisha. Mama Neema alirudi akamwambia mashine yake inakula chaji ya simu yake, na Mzee Rashidi, ambaye alikuwa amemtengenezea dirisha la jikoni kwa bei ya ujirani, akanuna. Wiki tatu hawasalimiani. Na yote hayo niliyapanda mimi, nimekaa Masasi na soda yangu.

Aliyenifundisha kazi, Mzee Hilari, angenichapa. Yeye alikuwa fundi redio, mtu wa miwani iliyofungwa na uzi, alijifunza kwenye karakana ya wamisionari upande wa Ndanda. Mteja akileta redio, Mzee Hilari hakuifungua. Aliuliza, "Inalala wapi?" Nami nikiwa kijana niliona ni maneno ya uzee tu. Hadi siku alipoletewa redio ya mwalimu mmoja, kubwa, ya mbao, kwetu inaimba vizuri lakini kwa mwalimu inakwaruza tu. Mzee Hilari akafunga karakana, tukaenda kwa mwalimu kwa miguu. Akachungulia nyuma ya redio. Kuku alikuwa ameatamia pale, amependa joto lake, na waya wa erio, ule wa kunasia mawimbi, kaufanya sehemu ya kiota. Mzee Hilari akamwamkia kuku, "Shikamoo mama," kisha akamwambia mwalimu amwache aangue kwanza. Hatukugusa redio mpaka vifaranga walipotoka.

Inalala wapi. Maneno mawili tu, na mimi niliyasahau kwa sababu simu ni ndogo, inatembea, nikadhani hailali popote.

Lakini kosa langu kubwa zaidi lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu mlangoni. Kuna wakati dada mmoja alinishutumu kwamba nimembadilishia kava lake la maua nikampa la mtu mwingine. Haki ya Mungu sikumbadilishia, lakini alipiga kelele hadi makondakta wakaja kuamua kesi. Kesho yake nikaandika kibao: VUA KAVA, TOA LAINI, TOA KADI, NDIPO UMPE FUNDI. Watu wakakizoea. Simu zilikuwa zinaingia kwangu tupu kabisa, kama watoto wanaopelekwa kupimwa uzito, na mimi nikajisifu kwa mpango mzuri.

Turudi kwa Festo. Binti wa Mama Neema, Neema mwenyewe, nesi, alikuwa amempata mchumba. Mwalimu Masanja, kijana wa kanda ya ziwa, mpole, kapangiwa kazi Newala akapapenda. Ukoo wake ulishafunga safari kuja kutoa posa. Na kwetu huku, kama hujui, mwenye neno la mwisho kwa mtoto ni mjomba. Baba anaweza kukaa pale na suti yake, akacheka, akala, lakini mjomba hajasema basi hakuna posa. Na mjomba ndiye Festo. Meli yake ilikuwa iingie bandarini Jumamosi, apate mtandao kwa muda mfupi, apige saa sita mchana, atoe neno, halafu arudi majini kwa miezi. Wageni wametoka mbali, hawawezi kungoja miezi.

Jumatatu ya wiki hiyo Mama Neema alikuja Masasi, nikaijaza simu mpaka pomoni. Nikamwonya, "Usiiguse mpaka Jumamosi." Akaapa. Ijumaa jioni kitochi cha jirani kikanipigia.

"Fundi, imezima."

"Uliigusa?"

"Nilitazama kwaya kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani, Mama Neema?"

Akashusha sauti, akasema, "Kwaya zote." Halafu sauti yake ikabadilika. "Baba Asha, mwanangu ataniambia nini? Festo akikosa kutuona kesho, hawa watu wataondoka."

Nilisikia aibu kwelikweli. Jumamosi alfajiri nikapanda gari la kwanza, tukapanda ule mlima kuingia Newala ukungu ukiwa bado haujaamka, nikachukua bodaboda hadi Mnyambe. Mfukoni nilikuwa na mita, nyaya tatu, vichwa vitatu, na kisahani changu cha akiba. Nilijiona nimejiandaa kama jeshi.

Nikabisha hodi, nikaingia sebuleni, na hapo ndugu zangu nikasimama.

Kila kitu kilikuwa kimevaa. Makochi yamevaa vitambaa vya kufuma migongoni na mikononi. Meza imevaa, televisheni imevaa, jagi la maji limevaa kofia yenye shanga. Rimoti ilikuwa na kishuka chake. Mama Neema hufuma tangu utoto, alifundishwa na mama yake, na kwake kitu kutokuwa na kitambaa mbele ya mgeni ni sawa na mwenye nyumba kutoka bafuni na taulo. Siku ya wakwe, basi, ndiyo alimaliza. Vyote vimepigwa wanga, vimesimama wima.

Nilikaa, nikapewa chai. Nikaitazama chai, nikatazama kitambaa chini ya kikombe, na sauti ya Mzee Hilari ikaniingia sikioni.

"Mama Neema," nikasema taratibu, "simu inalala wapi?"

"Si pale!"

Kwenye stuli ya kona kulikuwa na kichuguu cha vitambaa. Nikapiga magoti. Nikafunua cha kwanza. Chini yake simu, imevaa sweta. Nasema sweta: la kufuma, lina kifungo, na ndani limetiwa sufi ya mto ili isiumie ikianguka. Chini ya sweta, kitambaa kingine, kinene, kimekunjwa mara mbili, kigumu kwa wanga. Chini ya hicho ndiyo kisahani, maskini, kinawaka na kuzima peke yake kama mtu anayeita ndani ya blanketi.

"Mama Neema! Ulipokuja kwangu mbona haikuvaa hivi?"

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Ningekujaje nayo imevaa? Si kibao chako kinasema tuivue?"

Hapo ndipo nilipokaa sakafuni. Nilicheka hadi miwani ikadondoka. Safari zote zile, kichwa kipya, waya mpya, Mzee Rashidi wa watu kunyimwa salamu, na ugonjwa niliufukuza mwenyewe mlangoni kila simu ilipofika. Mama Neema akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. Nilipomweleza, akacheka zaidi, halafu akakatisha kicheko, akasema, "Basi na Mzee Rashidi je?" Akajifunga kitenge chake vizuri, akatoka mbio kwenda kumwomba radhi. Alirudi naye, amevaa koti, mgeni wa heshima.

Nilivua simu, nikaiweka tupu juu ya kisahani tupu, mezani. Tii! Ilikuwa imekauka kabisa, na betri nayo imechoka kwa kuzimikazimika, kwa hiyo chaji iliingia tone kwa tone, ikachukua muda mrefu hata kuonyesha kijistari. Mama Neema akaja na kitambaa chembamba.

"Hiki tu, Fundi. Chepesi."

"Hata hicho leo hapana."

"Wakwe wanaingia, niwaonyeshe kitu kiko uchi?"

"Leo kitakaa uchi, Mama Neema."

Akafumba macho kama anaombewa.

Wageni wakaingia saa nne, wazee wanne na shangazi mmoja, Masanja mwenyewe nyuma yao, wameongozwa na baba yake mdogo, mzee mrefu mwenye sauti ya redio. Wakalishwa, wakanyweshwa, wakaeleza shida yao kwa maneno mazuri. Wakamtazama Baba Neema. Baba Neema akatazama simu.

"Mzee mwenzangu," baba mdogo akasema, "tunasubiri jibu lako."

"Langu?" akasema Baba Neema. "Mimi nimemzaa tu. Mwenyewe atapiga saa sita."

Sijawahi kuona mtu akishangaa kwa adabu namna ile. Baba mdogo alitazama wenzake, akatazama simu iliyolala uchi mezani, akasema, "Sawa," lakini akaisema polepole sana.

Saa sita kasoro, ikaita! Sebule nzima ikasimama. Na Baba Neema, kwa furaha, akafanya anachofanya kila mtu simu ikiita. Akainyanyua. Uso wa Festo ukaonekana nusu, "Halo wan..." na kioo kikawa cheusi.

Neema alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Nilimwona macho yakimjaa machozi, na nawaambia kweli, kicheko changu chote cha asubuhi kiliisha. Nikaichukua simu mkononi mwa baba mtu, nikairudisha katikati ya kisahani. Tukangoja. Shangazi wa wageni akaanza kuomba kwa sauti ya chini, Mama Neema akamfuata, Mzee Rashidi naye akainua mikono kwa dua yake. Dakika zile zilikuwa ndefu kuliko safari. Kisha nembo. Kisha taa. Kisha ikaita tena.

"Asiinyanyue mtu!" nikapiga kelele, mbele za wakwe, bila heshima hata kidogo. "Inamieni!"

Wakainama. Wazee wenye makoti yao, shangazi, baba, mama, mchumba, wote wakaizunguka meza, wamechungulia chini kama watu waliodondosha kitu kisimani. Na kutoka kule chini Festo akapiga ukelele.

"Jamani, nyie mko wapi? Mbona naona dari na pua?"

"Shikamoo mjomba!" akasema Neema, machozi na kicheko pamoja.

"Marahaba! Harakisheni, meli inaondoka. Kijana yuko wapi? Nimwone."

Mwalimu Masanja akasogea, akainama zaidi ya wote, hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona naona pua peke yake?"

"Ndiyo mimi, mjomba."

Festo akasogeza uso kwenye kioo chake. Nikasikia honi ya meli nyuma yake. Baba mdogo alikuwa ameshika mkono wa Baba Neema bila kujijua.

"Neema, wewe mwenyewe unamtaka?"

"Namtaka, mjomba."

"Basi pua nimeikubali. Na vyote vilivyoshikana nayo. Mchukueni, mwe..."

Ikazima. Lakini neno lilikuwa limetoka, na kila mtu alilisikia. Vigelegele vikapasua sebule, Mzee Rashidi akacheza, baba mdogo akanikumbatia mimi, nadhani alinichukulia kama mmoja wa ukoo. Mama Neema alikaa chini, akafunika uso kwa kile kitambaa chembamba, akalia na kucheka mpaka nikamwonea huruma.

Harusi ilifanyika, nilikula. Baadaye kidogo akaja Masasi na bahasha. Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe, cha mviringo, maua ukingoni, na katikati tundu lililopimwa sawasawa na kisahani. Sasa kisahani kimevaa, na simu inakaa mahali pake bila kitu katikati. Miaka yote ya ufundi sikuwahi kubuni kitu kizuri kiasi kile.

Mabinti wawili waliochukua banda langu wameniuliza kwa nini kibao cha mlangoni kimefutwa kikaandikwa upya kwa mkono wa haraka. Wanataka kuchora kingine, cha kisasa, chenye picha. Choreni, wanangu, banda ni lenu. Ila maneno nawaomba myaache. Niliyaandika Jumatatu baada ya kurudi kutoka Mnyambe, kabla hata sijafungua mlango:

ILETE ILIVYOVAA.